Watoto Wanapungua Nyumbani, Watu Wanaongezeka Nchini: Kwa Nini?

(Haya ni maneno yaliyosemwa na ofisi yetu ya maendeleo mbele ya mkutano wa akina mama, akina baba na wazee wa kanisa. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mada tuliyopewa leo ni uzazi na idadi ya watu. Tunajua mada hii huleta minong'ono. Akina baba wengine wakiisikia huanza kutazama saa, na akina mama wengine huinamisha vichwa. Basi tuseme mapema kwamba hatukuja kuhesabu watoto wa mtu wala kumgombeza mtu. Tumekuja kuuliza swali moja ambalo tumelisikia tukizunguka makanisani.

Nyanya zetu wanasema, "Wasichana wa siku hizi hawazai. Mtoto wawili, watatu, basi." Halafu unaenda kwa baraza la chifu unasikia watu wamekuwa wengi, ardhi imekwisha, madarasa yamejaa. Sasa nani anasema kweli? Jibu ni kwamba wote wawili wanasema kweli, na ukishaelewa jinsi hiyo inavyowezekana, umeelewa sehemu kubwa ya habari hii.

HESABU YA NCHI YETU

Sensa ya mwaka wa 1948 ilipata watu kama milioni 5.4 katika Kenya nzima. Mwaka wa 1969 walikuwa milioni 10.9. Mwaka wa 1989 walikuwa milioni 21.4, yaani tuliongezeka karibu mara mbili katika miaka ishirini. Sensa ya 2019 ilipata milioni 47.6.

Sasa tazameni upande wa pili. Uchunguzi wa uzazi wa mwaka wa 1977/78 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto 8.1 kwa wastani. Wakati huo Kenya ilitajwa duniani kote kuwa miongoni mwa nchi zinazozaa sana. Mwaka wa 1989 wastani ulikuwa umeshuka hadi 6.7, mwaka wa 1993 ukawa 5.4, na uchunguzi wa 2022 ulipata 3.4. (Mtu asiulize hiyo 0.4 ni mtoto wa namna gani! Ni hesabu ya wanawake wengi wakichanganywa pamoja.)

Kwa hiyo kila mama anazaa chini ya nusu ya alivyozaa nyanya yake, na bado nchi inajaa. Hebu tulifanye kwa vidole. Mama mmoja wa zamani alizaa wanane, wanne wakiwa wasichana. Kila msichana naye akapunguza, akazaa wanne tu, wawili wakiwa wasichana. Nyumba ya kila binti ni nusu ya nyumba ya mama yake. Lakini mama alikuwa mmoja, mabinti ni wanne, na wajukuu wa kike ni wanane. Uzazi umekatwa katikati na ukoo bado unapanuka. Wale watoto wengi waliozaliwa miaka ya 1970 na 1980 ndio wazazi na nyanya wa leo. Ni kama gari lenye mzigo likiteremka mlima. Hata dereva akikanyaga breki, halisimami papo hapo.

WAZEE WETU WALIPANGA

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nasi tungependa kukaa hapo kidogo. Uzazi wa Kenya haukuwa juu tangu zamani na kuanza kushuka tu. Kwanza ulipanda. Hesabu za sensa ya 1962 zilionyesha watoto kama 6.8 kwa kila mwanamke, za 1969 zikaonyesha 7.6, na mwisho wa miaka ya 1970 tukafika 8.1. Ulipanda wakati ule ule shule, hospitali na barabara zilipokuwa zikienea. Kwa nini?

Waulizeni wazee walio hapa. Zamani mama akijifungua alinyonyesha miaka miwili na zaidi, na katika jamii nyingi hakukaa na mumewe kitandani mpaka mtoto atembee vizuri au aachishwe ziwa. Kupata mimba huku unanyonyesha ilikuwa aibu, na mashemeji walikucheka. Mume alikuwa na thingira yake au nyumba ya mke mwingine. Hakuna aliyeita desturi hiyo mpango wa uzazi, lakini ilikuwa mpango wa uzazi, na watoto walifuatana kwa nafasi ya miaka mitatu hivi.

Kisha desturi zikalegea. Nyumba ikawa moja, ya mabati, mume na mke chini ya paa moja. Mtoto akaanzishiwa uji na maziwa ya ng'ombe mapema. Ile nafasi ikafupika. Pamoja na hayo, dawa za hospitali zikawaponya wanawake wengi magonjwa ambayo zamani yaliwafanya wasizae kabisa. Afya ikawa bora, ngao ya desturi ikaondoka, na ngao mpya ilikuwa haijafika. Ndiyo maana tukafika wanane.

Tunalisema hili kwa sababu bado tunasikia mtu akisimama na kusema kuachanisha watoto ni mambo ya wazungu. Hapana. Jambo la kuzaa kila mwaka ndilo geni kwetu.

Na kwa akina mama wachanga tuongeze hili. Kunyonyesha kunazuia mimba ikiwa mtoto hajafika miezi sita, hapewi chochote ila ziwa, mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosekana, usitegemee tena.

KIFO KILIPORUDI NYUMA

Mzazi huzaa akiangalia kaburi. Maneno haya ni makali, lakini ni ya kweli. Mahali ambapo ukambi unaweza kupita na kuchukua wawili katika wiki moja, hakuna mama atakayesema wanne wanatosha. Anazaa wa akiba. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka wa 1980. Mama wa kijijini akaanza kubeba kadi ya kliniki, akajifunza kuchanganya maji, sukari na chumvi mtoto akihara. Polepole wazazi wakaona kwamba waliozaliwa ndio watakaokua. Imani hiyo haiji kwa siku moja. Vifo hupungua kwanza, na uzazi hufuata baada ya miaka mingi, na katika ile miaka ya katikati ndipo watu huongezeka kama siafu.

Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa uzazi mwaka wa 1967, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Lakini karibu miaka kumi baadaye, mwaka wa 1977/78, ni wanawake 7 tu katika kila 100 walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote. Mwaka wa 2022 walikuwa 63. Vidonge vilikuwapo kabatini muda mrefu kabla watu hawajavitaka. Mabango hayakushusha uzazi. Watu walipoona sababu nyumbani mwao wenyewe, ndipo walipoitafuta kliniki.

KARO NA KIPANDE CHA SHAMBA

Sababu hizo zilikuwa nini? Zamani mtoto alikuwa mkono wa kazi. Miaka sita anachunga mbuzi, miaka minane anachota maji, na akiwa mkubwa anakulisha. Mtoto akienda shule mambo yanageuka, kwa maana sasa wewe ndiwe unayemlisha mpaka ana ndevu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, wazazi waliitwa kujenga karakana na kununua vifaa. Mwisho wa miaka ya 1980 ukaja uchangiaji gharama, shuleni na hospitalini. Mbuzi akauzwa, kisha ng'ombe. Angalieni tena zile hesabu: kati ya uchunguzi wa 1989 na ule wa 1993 uzazi ulianguka kutoka 6.7 hadi 5.4. Hatusemi karo peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, lakini mzazi aliyeuza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya kidato cha kwanza hahitaji semina.

Na shamba je? Tuseme babu alikuwa na ekari nane na vijana wanne. Kila mmoja alipata ekari mbili. Naye akizaa vijana wanne, kila mmoja anapata nusu ekari, na hapo hatujawahesabu mabinti, ambao Katiba ya mwaka wa 2010 inawapa haki pia. Nusu ekari ni nyumba, choo, migomba michache na ugomvi. Kesi nyingi zinazoletwa mbele ya wazee wa kanisa huku kwetu si kesi za dhambi, ni kesi za mpaka.

Kuna nguvu nyingine inayovuta upande wa pili, na ni vema kuitaja kwa heshima. Ni majina. Kwa Wakikuyu, mvulana wa kwanza huitwa baba ya mume, wa pili baba ya mke. Msichana wa kwanza mama ya mume, wa pili mama ya mke. Ili kila mzazi arudi, unahitaji wavulana wawili na wasichana wawili. Mungu naye hagawi kwa mpangilio huo. Tunajua nyumba yenye wasichana watano inayomtafuta "baba". Mama anaonekana amewanyima watu wa kwao jina, au amewanyima wa kwa mume. Tunashukuru kuona wazee wengine siku hizi wakikubali jina la babu liwe jina la pili la mjukuu, au apewe mtoto wa ndugu. Wazee, ninyi peke yenu mnaweza kulegeza kamba hii. Muuguzi hawezi.

Na uzee nao. Mtu asiye na pensheni, pensheni yake ni watoto. Tangu mwaka wa 2018 serikali ilipanua mpango wa kuwapa wazee waliofika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Zikija kwa wakati, zinasaidia. Lakini ni vigumu kumwambia kijana wa jua kali azae wawili tu wakati hajui nani atamshika mkono akiwa mzee.

MSICHANA ALIYEBAKI SHULENI

Uchunguzi wa 2022 ulipata kwamba mwanamke ambaye hakusoma kabisa huzaa watoto 6.3 kwa wastani, na aliyepita sekondari huzaa 2.8. Hiyo ni tofauti kubwa sana. Kitabu chenyewe hakifungi tumbo. Ila msichana akikaa darasani mpaka miaka kumi na minane, kumi na tisa, hajaolewa. Akiolewa anasoma kadi ya kliniki mwenyewe, anauliza daktari swali, na anaongea na mumewe bila kutetemeka. Akiwa na mshahara au duka dogo, kila mimba ina gharama anayoiona.

Sasa tusikie ya kwetu. Mwaka wa 2022, wasichana 15 katika kila 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Samburu walikuwa 50 katika 100. Nyeri na Nyandarua walikuwa 5. Tangu mwaka wa 1994 ni sera ya nchi hii kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shule. Ni sera iliyo kwenye karatasi. Shuleni anachekwa, nyumbani hakuna wa kumshikia mtoto, na kanisani, tuseme ukweli, anawekwa nyuma huku kijana aliyempa mimba akiendelea kuimba kwaya. Msichana wa aina hiyo huolewa haraka kwa yeyote atakayemchukua, na kabla ya miaka thelathini ana watano. Tukimrudisha darasani mmoja, tumebadilisha nyumba nzima.

WAKATI BREKI ZILIPOKATAA

Watu hudhani uzazi ukianza kushuka utashuka tu. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1998 tulikuwa tumefika 4.7. Uchunguzi wa 2003 ukapata 4.9. Kutumia njia za uzazi kulisimama pale pale, 39 katika 100. Nini kilitokea? Ukimwi ulikuwa umeingia nyumbani. Vifo vya watoto wasiofika miaka mitano, ambavyo katika uchunguzi wa 1989 vilikuwa karibu 90 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, vilikuwa vimepanda hadi 115. Kaburi likarudi karibu, na mzazi akaanza tena kuzaa wa akiba. Wakati huo huo fedha za wafadhili na bidii ya serikali vilielekezwa kwa Ukimwi, jambo ambalo hakuna anayelilaumu, lakini makabati ya kliniki yalibaki bila sindano na bila vidonge. Mama anatembea kilomita kumi, anaambiwa rudi wiki ijayo. Wiki ijayo ana mimba.

Baadaye dawa za Ukimwi zilifika, vifo vya watoto vikashuka hadi 41 katika 1,000 kufikia 2022, na uzazi ukashuka nao. Lakini somo la miaka ile halijapita wakati. Mwaka wa 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya afya, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoitegemea. Kwa hiyo mtu asidhani mambo haya yamekwisha. Mwaka wa 2022 bado wanawake 14 katika kila 100 walioolewa walikuwa hawataki mimba wakati huo, au hawataki tena kabisa, na hawakuwa wakitumia njia yoyote. Hao si wakaidi. Ni watu wanaohitaji huduma.

MANDERA SI WAJINGA

Nairobi uzazi ni 2.5, Mandera ni 7.7. Tumesikia watu wetu wakicheka watu wa kaskazini. Wasicheke. Mahali ambapo hospitali iko mbali, shule ni chache, ukame unaua mifugo na mali ya familia ni mikono ya kuchunga, watoto saba si ujinga. Nyanya zetu wa mwaka wa 1970 walikuwa na mawazo hayo hayo kwa sababu walikuwa na maisha hayo hayo. Wapeni shule ya wasichana na daktari aliye karibu, kisha tuone.

Kwa upande mwingine kuna wanasiasa wanaosema sehemu fulani zizae zaidi ili kura zisipungue. Akina mama, atakayewaambia hivyo mwulizeni kama atalipa karo.

MASWALI MLIYOULIZA

Mama mmoja aliuliza: je, si dhambi? Makanisa hayafundishi sawasawa, na hatutaficha. Maaskofu wa Kianglikana walikubali kuzuia mimba kwa masharti katika mkutano wao wa Lambeth wa mwaka wa 1930. Kanisa Katoliki linashikilia njia za asili peke yake, kama Papa Paulo wa Sita alivyoandika mwaka wa 1968. Lakini hakuna kanisa kati ya haya linalofundisha kwamba mzazi azae bila kufikiri. Wale wanaotaja Mwanzo 1:28 wasisahau 1 Timotheo 5:8, juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake. Kila mmoja azungumze na mchungaji wake na muuguzi wake, na mwenzi wake awepo.

Swali la pili lilikuwa juu ya wasiopata mtoto. Tunafurahi liliulizwa, maana mikutano kama hii huwasahau. Ugumba mwingi hapa Afrika hutokana na magonjwa ya zinaa ambayo hayakutibiwa mapema, na mara nyingi shida iko kwa mume. Kabla ya kumfukuza mke, mume apimwe. Hana wa Biblia alilia hekaluni. Wa kwetu wanalia jikoni, na mashemeji wanasikia.

Mzee mmoja alisimama akasema, "Haya ni mambo ya wanawake." Mzee wetu, tunakuheshimu. Lakini shamba liko kwa jina lako, karo inatafutwa nawe, na mama akienda kliniki kwa siri ni kwa sababu anakuogopa. Akipata madhara, kichwa kikimuuma au damu ikizidi, hawezi kukuambia, naye ataacha kimya kimya. Afadhali mwende wote wawili mkasikie faida na madhara pamoja.

KABLA YA MKUTANO UJAO

Tulikubaliana mambo machache. Kamati ya kila kanisa itahesabu wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba tangu Januari, bila kutaja majina hadharani, na kuandika wangapi wamerudi. Akina mama wawili kutoka kila kanisa watakwenda kwa zahanati iliyo karibu nao na kuuliza ni njia zipi zilizopo kabatini siku hiyo na zipi zimekosekana, na tangu lini. Orodha hizo tutazipeleka kwa ofisi ya afya ya kaunti. Wazee nao wamesema wataketi wenyewe kwanza juu ya habari ya majina, kisha watatuita.

Orodha ziletwe kwa katibu kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi. Kanisa lisilo na zahanati karibu liandike umbali wa kutembea, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi.